Chakula Kipo Mezani, Lakini Anashindwa Kula



Miongoni mwa maombi ya msaada yanayotufikia kutoka sharikani, yapo machache ambayo kamati huyajadili kwa muda mrefu kuliko mengine. Mojawapo ni ombi la nauli na gharama za matibabu kwa ajili ya msichana ambaye kwao ndizi, maziwa na mahindi vipo, lakini yeye hataki kula, au anakula kisha anakwenda chooni kutapika. Wajumbe huuliza, na ni haki yao kuuliza: Je, fedha za diakonia zitumike kwa mtu anayekataa chakula, wakati zipo kaya zisizo na cha kupika? Katika toleo hili tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa uamuzi wa kamati unaweza kuokoa uhai.

Ni ugonjwa, si deko

Magonjwa ya ulaji ni magonjwa ya akili ambayo huharibu pia mwili. Yanayofahamika zaidi ni mawili. La kwanza ni anoreksia. Mgonjwa hujinyima chakula hadi uzito wake unashuka kupita kiasi, na bado hujiona mnene au huogopa mno kuongezeka hata kilo moja. Jina hilo lilitolewa na daktari William Gull wa London katika miaka ya 1870. La pili ni bulimia, lililoelezwa mwaka 1979 na daktari Gerald Russell, naye wa London. Mgonjwa hula chakula kingi kwa mara moja bila kuweza kujizuia, kisha kwa aibu na hofu hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hushinda njaa. Huyu wa pili anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa, na ndiyo maana ndugu zake wanaweza kuishi naye miaka mingi bila kugundua.

Hakuna chanzo kimoja. Urithi wa ukoo, huzuni, unyanyasaji, kutaniwa juu ya umbo, na mazoea ya kujinyima chakula ili kupungua, vyote vinaweza kuchangia. Ugonjwa ukishakomaa, njaa yenyewe huvuruga fikra. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "kula tu" hakumponyi, kama ambavyo kumwambia mgonjwa wa malaria "acha kutetemeka" hakuondoi homa. Wengi wanaopatwa ni wasichana na wanawake vijana, lakini wavulana na watu wazima pia hupatwa.

Je, upo huku kwetu?

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Lakini mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa Tanzania kwa wasichana na wanawake 214. Wengi wao hawakuwa na tatizo, ila walikuwepo wachache wenye dalili nzito. Aidha, dalili zilionekana zaidi kwa wale waliokaribiana zaidi na magazeti na mitindo ya maisha ya Magharibi. Tangu wakati huo simu za mkononi zimeleta picha hizo hadi vitandani mwa watoto wetu, Sakina na Kijenge hadi vijiji vya mlimani juu ya Tengeru.

Hata hivyo, tusidhani kwamba picha ndizo chanzo pekee. Mwaka 2004 watafiti walitoa taarifa ya wanafunzi 668 wa kike wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana. Waliwakuta 10 ambao wembamba wao ulitokana na kujinyima chakula. Mabinti hao hawakuzungumzia urembo. Walizungumzia kujitawala na kufunga kwa ajili ya imani. Habari hii inatugusa sisi watu wa makanisa. Mfungo wa Kwaresima una mwanzo na mwisho, na mtu akiumwa huruhusiwa kuuacha. Binti ambaye mfungo wake hauishi, na anayeingiwa na hofu anapotakiwa kufungulia, anahitaji kuonwa na daktari. Wachungaji na wainjilisti ndio wa kwanza wanaoweza kulitambua hilo.

Kinachouficha ugonjwa huu kwetu ni majina tunayoupa. Anayetapika huambiwa ana vidonda vya tumbo, na hununuliwa dawa dukani mwaka hadi mwaka. Anayekonda husengenywa kuwa ana UKIMWI au amerogwa. Anayezimia shuleni huombewa kuwa ana mapepo. Na yule anayejinyima chakula ili gauni la harusi limkae vizuri husifiwa kabisa.

Kwa nini hospitali kwanza

Anoreksia ni mojawapo ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Wengine hufa kwa moyo kushindwa, wengine kwa kujiua. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu katika damu, na upungufu huo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo ghafla, hata kwa mtu anayeonekana mzima. Meno huliwa na asidi ya tumbo, mashavu huvimba, hedhi hukatika na mifupa hudhoofika. Mambo hayo hayapimwi kwa macho. Yanahitaji vipimo vya damu, vya shinikizo la damu na vya moyo.

Kuna sababu nyingine ambayo familia nyingi hazijui. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akilishwa chakula kingi kwa ghafla, madini katika damu yake yanaweza kushuka vibaya, na anaweza kufa. Kamati zilizowahi kusaidia watoto wenye utapiamlo mkali zitakumbuka kwamba wodini mtoto huanzishiwa maziwa ya F-75 kidogo kidogo kabla ya kuongezewa. Kwa mtu mzima aliyekonda sana tahadhari ni ile ile. Kwa hiyo tusimkalishe mgonjwa wa namna hiyo mbele ya sahani kubwa ya makande na kumsimamia kwa fimbo.

Dalili zifuatazo zinataka hospitali siku hiyo hiyo: kuzimia, maumivu ya kifua, moyo kwenda polepole mno au bila mpangilio, kutapika damu, kushindwa hata kunywa maji, na maneno ya kutaka kufa.

Matibabu yanavyokwenda

Msitafute jengo lenye kibao cha ugonjwa huu. Matibabu yake yako ndani ya huduma za kawaida za tiba na afya ya akili. Hatua ya kwanza ni zahanati au hospitali iliyo karibu, kama Nkoaranga kwa walio upande wa Meru au Selian kwa walio upande wa Ngaramtoni, ili mwili upimwe. Kutoka hapo ombeni barua ya rufaa kwenda kwenye huduma za afya ya akili, ama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru mjini Arusha, ama KCMC mjini Moshi, takriban kilomita 80 kutoka Arusha. Mweleze mhudumu waziwazi: "Hali chakula kwa makusudi," au "Anajitapisha." Mkisema "tumbo linamsumbua" tu, atatibiwa tumbo.

Tiba yenyewe ina sehemu tatu. Mwili hurudishiwa nguvu kwa mpango wa chakula unaosimamiwa. Fikra na hofu hushughulikiwa kwa mazungumzo ya kitaalamu, ambayo kwa kawaida hufanyika mara moja kwa wiki na mara nyingi hufikia vikao 20 hivi. Dawa, kama vile fluoksetini, huweza kuwasaidia baadhi ya wagonjwa wa bulimia, lakini daktari ndiye anayeamua.

Kwa vijana walio bado nyumbani, ipo njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley jijini London, ambayo huwapa wazazi kazi kubwa. Kwa kuelekezwa na mtaalamu, wao ndio wanaopanga milo, wanakaa na mtoto hadi amalize, bila kumgombeza, na wanamrudishia uhuru polepole. Kwetu sisi, ambao bibi, shangazi na mama mdogo hulea pamoja, njia hii si ngeni. Inachodai ni wote wawe na kauli moja.

Je, maombi yana nafasi? Yanayo, sambamba na tiba. Mwaka 2011 umati wa watu ulipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, wapo waliokatisha dawa za hospitali, na madaktari walipaza sauti kuonya. Kwa hiyo mchungaji anayeomba na mgonjwa amuulize pia, "Kliniki yako ijayo ni lini?"

Kazi ya kamati

Mara nyingi kinachokatiza tiba ni nauli. Vikao 20 kwa mgonjwa na msindikizaji wake ni tiketi 80, kwenda na kurudi. Familia inaweza kumudu safari mbili tatu, kisha ikakoma, na mgonjwa akarudi alikotoka. Tunazishauri kamati zipitishe nauli ya kipindi kizima kwa mara moja badala ya kuijadili upya kila mwezi, na ziisaidie familia kuuliza mapema bima yao inalipia nini.

La pili ni siri. Jina la mgonjwa lisisomwe kikaoni wala kuandikwa katika muhtasari. Namba ya ombi inatosha, na watu wawili tu wamjue. Tusimwambie "umekonda" wala "sasa umenawiri", kwani yote mawili humrudisha kwenye hesabu ya mwili wake. Tumuulize habari za masomo, za kwaya, za usingizi wake.

Kwa wahisani wetu, tunaomba mtuelewe kwamba katika eneo hili hatutawaletea picha wala ushuhuda wenye jina. Tutawaletea idadi ya safari zilizolipiwa na ya wagonjwa wanaoendelea na kliniki. Kupona huchukua miezi, mara nyingi miaka, na wengine hurudi nyuma kabla ya kusonga mbele. Hata hivyo wengi hupona, hasa wanaoanza tiba mapema.

Hivyo basi, jibu letu kwa swali la wajumbe ni hili. Kaya isiyo na chakula na binti anayeshindwa kula wote wana njaa. Wa kwanza anahitaji gunia la mahindi, wa pili anahitaji daktari na nauli ya kumfikia. Tunaziomba kamati zote ziweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, na kila usharika uteue hao watu wawili wa kupokea maombi ya namna hii kwa siri.