Mshale wa mafuta ukidanganya, gari la zamani linabaki bila mtetezi

Mshale unaonyesha nusu ya tangi, kisha motere inazimika katikati ya mlima. Madereva wa Goma na Bukavu wanakijua kisa hiki.

Ndani ya tangi kuna kiboya kinachopanda na kushuka pamoja na esansi. Mkono wake unasugua kipande cha umeme, na miaka ikipita kipande hicho kinalika. Hapo mshale unaanza kusema uongo.

Mwaka 2014, General Motors iliita garajini magari zaidi ya 50.000 nchini Marekani kwa ubaya wa namna hiyo, ila yote yalikuwa mapya na kosa lilikuwa katika programu ya kompyuta. Sheria ya kule inalazimisha kiwanda kutengeneza bure, lakini gari likipitisha miaka 15 tangu kuuzwa mara ya kwanza, mwenyewe anaweza kujilipia.

Huku kwetu magari mengi yanafika yakiwa yamezeeka, kutoka Japani ao Dubai. Nani atayaita?

Basi jaza tangi, andika kilometa, na uhesabu mwenyewe. Na kabla ya kununua kipimo kipya, fundi aangalie kwanza waya: kutu kidogo inatosha kuudanganya mshale.