Ringi za Injini Iliyotengenezwa Upya

Wasomaji wetu wa Wete na mashamba yake wajua faida ya lori la zamani. Malori ya Bedford yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, na magari ya kale ya namna hiyo, yenye bodi za mbao, yamewachukua watu na mizigo Visiwani kwa miaka mingi. Injini yake ikichoka, fundi huifungua, huchonga silinda, akatia pistoni na ringi mpya. Kazi hii hula fedha nyingi, na mwenye gari hutumaini kuzirudisha katika msimu wa karafuu. Lakini pengine baada ya siku chache gari hutoa moshi wa buluu na kumaliza oili, naye fundi hulaumiwa. Twapenda kueleza sababu, kwani mara nyingi kosa si lake.

Ringi ni pete za chuma zilizokatwa mahali pamoja, nazo huizunguka pistoni. Za juu huzuia moto usipenye chini. Ya chini hukwangua oili isipande juu. Zikiwa mpya hazijalingana sawasawa na ukuta wa silinda. Kwa hiyo fundi huukwaruza ukuta kwa mawe ya kunolea, ikawa mistari midogo ipishanayo. Mistari hiyo hushika oili, na ncha zake huisugua ringi hata ikalingana na ukuta.

Je, ni nguvu gani iikandamizayo ringi ukutani? Mkunjuko wake wenyewe ni mdogo. Nguvu kubwa ni ya hewa ya moto, ipitayo nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Injini ikifanya kazi, msukumo huwa mkubwa. Ikinguruma bure, huwa mdogo. Hapo oili hubaki ukutani, ikaungua, ikawa utando mgumu ung'aao kama kioo na kuijaza mistari ile. Tangu hapo ringi hailingani tena, na hapana budi injini ifunguliwe mara ya pili.

Basi wale waiachao injini mpya ingurume kutwa kwa kuihurumia, huiharibu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Yafaa kufanya hivi:

Kwanza, fundi apime mwanya wa ringi ndani ya silinda. Kwa kawaida hutakiwa kiasi cha sehemu 4 katika 1,000 za inchi kwa kila inchi 1 ya upana wa silinda. Lakini kitabu cha injini kikisema vingine, kifuatwe. Mianya ya ringi isielekeane.

Pili, itumike oili ya kawaida ya madini, isiyotiwa dawa ya kuongeza utelezi.

Tatu, injini ikisha kupata moto, gari litolewe njiani. Vilima vya njia ya Chake Chake vyafaa sana. Dereva akanyage mafuta sawasawa akipanda, katika gea isiyoilemea injini. Kisha aachie akiteremka, bila kutoa gea, ili oili ivutwe juu kuosha silinda. Afanye hivyo mara 10 au zaidi.

Nne, kwa siku za mwanzo asipakie kupita kiasi, wala asishike mwendo mmoja safari nzima, na atazame maji ya rejeta.

Tano, oili ya kwanza imwagwe kabla ya kilomita 800, maana huchukua unga wa chuma.

Twawaomba masheha na walimu wawasomee madereva maneno haya kabla karafuu hazijaiva.