Dhiki Hufunua Utu: Mafunzo kutoka Mpakani Mwetu

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wakazi wa Busia na Tororo wameuonja ukweli wa methali hiyo zaidi ya mara moja.

Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, machafuko yaliwatoa watu wengi majumbani mwao. Maelfu walivuka Busia na Malaba wakiingia Uganda. Baadhi yao walipokewa na jamaa, kwa kuwa Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wengine walihifadhiwa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Wenyeji wengi waliowafungulia milango walikuwa wakulima wadogo, wenye chakula cha kutosha nyumba yao tu.

Mwezi Machi 2020 jaribio likarudi kwa sura nyingine. Uganda ilifunga mipaka kwa abiria ili kuzuia korona. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, na foleni za madereva waliosubiri kupimwa zikaenea kilomita nyingi. Akina mama wauza nafaka na samaki walitengwa na masoko yao. Waendesha bodaboda, wenye kazi iliyozaliwa papa hapa mpakani miaka ya 1960, walikosa wa kumvusha. Ndipo mioyo ikadhihirika. Wako waliowatusi madereva kuwa ni waleta maradhi. Wako walioshika njia za panya usiku. Wako pia wafanyabiashara waliochanga fedha, wakapakia mizigo yao pamoja katika lori moja, wakaendelea kulisha watoto wao kwa halali.

Dhiki ilikuwa moja, matunda yakatofautiana. Hapa ndipo penye funzo. Shida peke yake haimkomazi mtu. Yaweza pia kumchachusha. Aliyeachwa na uchungu wake hulea kisasi. Aliyepata wa kumsikiliza, kazi ya mikono yake na heshima ya jirani hujenga subira. Ujasiri wa moyo, kwa hiyo, ni mali ambayo jamii humkopesha mtu wake, naye huilipa siku ya shida ya mwenzake.

Kwa sababu hiyo twawaomba: ugomvi wa shamba, mifugo au deni usingoje hadi panga lichomolewe. Ufikisheni mapema kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa chifu, au kwenye ofisi ya polisi jamii iliyo karibu. Kutoa taarifa hakulipiwi. Kijana aliyeanza kubeba magendo aitwe na wazee angali anasikia. Nasi tunawajibika kumpokea kila mlalamikaji kwa staha, Mganda kwa Mkenya, kwani anayedharauliwa kituoni huondoka na jeraha la pili.

Mpaka huu utapimwa tena. Tukianza leo kusikilizana, siku hiyo itatukuta tukiwa majirani.