Manabii walionyesha watu kosa lao

Nabii alikuwa na kazi gani? Wengine wanafikiri ni mtu wa kutabiri mambo ya kesho tu. Sivyo. Katika Israeli ya zamani nabii alikuwa kwanza mjumbe wa Mungu: aliwaambia watu ukweli juu ya maisha yao. Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Sababu gani? Mtu huona upesi kosa la mwenzake, lakini kosa lake mwenyewe halioni. Angalieni namna manabii wawili walivyofanya.

Mfalme Daudi alitawala karibu miaka 1000 mbele ya Kristu. Alimpenda Mungu, lakini alimnyang'anya askari wake Uria mke wake. Kisha akaagiza Uria awekwe mahali penye vita vikali, apate kufa. Uria akafa, na Daudi akanyamaza.

Ndipo alipokuja nabii Natani. Hakumkaripia mfalme, alimpa habari hii: Tajiri mmoja alikuwa na kondoo wengi. Jirani yake maskini alikuwa na kondoo jike mmoja tu, mdogo, aliyemlea nyumbani kama binti yake. Tajiri alipofikiwa na mgeni, hakuchinja kondoo wake. Alimchukua yule wa maskini. Daudi akawaka hasira, akasema mtu huyo anastahili kufa. Natani akamjibu kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe, Daudi.

Nabii wa pili ni Amosi, mchungaji wa Tekoa katika nchi ya Yuda. Alitunza pia miti ya mikuyu. Karibu mwaka 750 mbele ya Kristu, Mungu alimtuma katika ufalme wa Israeli, upande wa kaskazini. Amosi alianza kutaja makosa ya majirani: Damasko, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu. Nani hapendi kusikia adui yake akilaumiwa? Lakini Amosi hakuishia hapo. Alitaja Yuda, nchi yake mwenyewe, kisha Israeli. Aliwaambia wazi: mnauza maskini kwa bei ya viatu, mizani yenu ni ya udanganyifu, na hata hivyo mnaimba na kutoa sadaka.

Basi, watu hao walijibu nini? Daudi alikuwa mfalme, aliweza kumwua Natani. Hakufanya hivyo. Alikubali kwamba amekosa. Adhabu ilimfikia, lakini Mungu alimsamehe. Amasia, kuhani wa Beteli, hakuuliza kama maneno ya Amosi ni ya kweli. Alimshitaki kwa mfalme Yeroboamu, akamwambia arudi kwao Yuda. Watu hawakugeuka. Mwaka 722 mbele ya Kristu Waashuru waliteka Samaria, mji mkubwa wa Israeli, na ufalme ule ukaisha.

Daudi hakuwa mtu asiye na kosa. Kosa lake lilikuwa kubwa sana. Lakini alipoonyeshwa ukweli, hakumfukuza aliyeuleta. Ninyi pia, mkikasirikia kosa la mwenzenu, ngojeni kidogo. Kila mtu ajiulize: Je, mimi sijafanya vile vile?

Maswali
1. Kwa nini Natani hakumkaripia Daudi mara moja?
2. Amosi alitaja nchi zipi kabla ya Yuda na Israeli?
3. Daudi na Amasia walitofautiana namna gani?