Nyumba yauzwa haraka Kigali, kinachochelewa ni karatasi za muuzaji

KIGALI – Mfanyabiashara wa mpakani huwa hauzi nyumba kwa kuichoka. Huiuza kwa sababu mzigo umekwama njiani, deni la benki limeiva, au ameamua kuhamishia duka Kampala, Goma au Dar es Salaam. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena 31 Januari 2022, waliotegemea barabara ya Uganda walijifunza kwamba mtaji unaweza kukauka huku mtu akiwa na nyumba nzuri Kimironko au Kicukiro.

Nyumba ni mali, lakini haiwi pesa mpaka hati ibadilishwe jina. Na Kigali, hatua hiyo yenyewe si ndefu. Katika ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 kuhusu mazingira ya biashara, Rwanda ilishika nafasi ya 3 duniani katika usajili wa mali: hatua 3, siku 7, na gharama ya asilimia 0.1 ya thamani ya mali. Haikuwa hivyo zamani. Kabla ya mwaka 2008 usajili ulitozwa asilimia 6 ya thamani. Mwaka huo kiwango hicho kiliondolewa, ikawekwa ada moja ya faranga 20,000, iwe nyumba kubwa au ndogo.

Kwa hiyo muuzaji anayekwama, mara nyingi hakukwamishwa na dirisha la ofisi. Amekwama kwa sababu alianza kutafuta karatasi baada ya mnunuzi kufika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa nyumba daftari hilo ni hati ya ardhi.

Jina lililo kwenye hati

Kila kiwanja nchini Rwanda kina nambari yake, maarufu kama UPI. Nambari hiyo husomeka kama anwani: mkoa, wilaya, sekta, seli, kisha kiwanja. Inayoanza na 1/01 iko Nyarugenge, 1/02 ni Gasabo na 1/03 ni Kicukiro. Tangu mwaka 2023 hati hutolewa kwa njia ya elektroniki badala ya karatasi, na mnunuzi mwenye simu anaweza kukagua taarifa za kiwanja kabla hata hajapanda pikipiki kwenda kukitazama.

Maana yake ni kwamba anachokiona mnunuzi, muuzaji anapaswa kuwa amekiona kwanza. Je, hati ina jina lake, au bado ina jina la marehemu baba yake? Kama mwenye jina amefariki, warithi hawana budi kukamilisha mirathi na kuandikishwa wao kwanza ndipo wauze. Hakuna mnunuzi mwenye haraka atakayesubiri kikao cha ukoo.

Swali la pili ni la ndoa. Wanandoa wenye mali ya pamoja huandikwa wote wawili kwenye hati, kila mmoja na fungu lake. Mume hawezi kuuza bila mke kukubali, wala mke bila mume. Anayepanga kuuza nyumba akitumaini kwamba mwenzake atakubali baadaye, hajaanza kuuza.

Rehani na kodi

Wafanyabiashara wengi wameweka nyumba dhamana kwa mkopo wa biashara. Rehani hiyo huandikishwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, na nyumba haihamishwi kwa mtu mwingine mpaka benki iiachie. Kulipa deni peke yake hakutoshi. Lazima benki itoe barua na rehani ifutwe kwenye rejista. Kama deni litalipwa kwa pesa za mauzo yenyewe, pande tatu, yaani muuzaji, mnunuzi na benki, zinapaswa kuandikiana mapema nani atalipa nini na lini.

Kodi nayo haisahauliki. Kodi ya ardhi na majengo hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, RRA, na deni la miaka ya nyuma hujitokeza siku ya kuhamisha. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mzigo huu: kodi ya kiwanja sasa ni kati ya faranga 0 na 80 kwa mita ya mraba, ilhali awali ilifika 300. Lakini punguzo hilo halifuti malimbikizo ya zamani.

Sheria hiyohiyo inatoza kodi ya mauzo ya mali isiyohamishika. Muuzaji aliyesajiliwa RRA kwa kodi ya mapato hutozwa asilimia 2, na asiyesajiliwa asilimia 2.5. Kwa faranga milioni 60, asilimia 2.5 ni 1,500,000 na asilimia 2 ni 1,200,000. Tofauti ya 300,000 inamfaa mfanyabiashara aliyejisajili na mwenye vitabu safi.

Juu ya hapo kuna malipo ya noteri na ya dalali, ambaye Kigali huitwa mkomisiyoneri. Kamisheni yake ni ya makubaliano, na inafaa iandikwe kabla hajaleta mteja, si baada ya mteja kutoa pesa. Mnunuzi akitumia mkopo, benki yake itataka tathmini ya mthamini anayetambuliwa na chama cha wathamini, na siku za kusubiri mkopo huongezeka. Ndiyo maana mwenye pesa taslimu huomba apunguziwe bei.

Muuzaji akiwa safarini

Uhamisho hufanyika mbele ya noteri wa ardhi. Muuzaji, mwenzi wake na mnunuzi hufika na vitambulisho na kutia sahihi, kisha maombi huingizwa kwenye mfumo. Mfanyabiashara aliyeko Mombasa kufuata mzigo anaweza kumtuma ndugu kwa hati ya uwakilishi, ambayo Kigali wengi huiita prokirasiyo. Hati hiyo ithibitishwe na noteri kabla hajasafiri, au kupitia ubalozi akiwa nje. Itaje UPI, itaje kwamba aliyetumwa ana ruhusa ya kuuza, na iseme pesa zitaingia akaunti ipi. Ujumbe wa simu hauchukui nafasi yake.

Mwenye haraka zaidi hushawishika kuandikiana mezani, kupokea pesa na kuondoka, akiacha kubadilisha hati kwa siku nyingine. Hapo mnunuzi hana hati, na muuzaji naye hajatoka. Kwenye mfumo wa serikali nyumba bado ni yake, na kodi itaendelea kumdai yeye hata kama sasa anauza vitenge Goma.

Ng'ambo ya mpaka

Anayetaka kununua upande wa pili asidhani hesabu ni ileile. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Kenya, muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida aliyopata, kiwango kilichopandishwa kutoka 5 Januari 2023, na mnunuzi wa mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4. Uganda, ushuru wa stempu ni asilimia 1.5. Rwanda hutoza bei ya mauzo, Kenya hutoza faida, hivyo aliyeuza kwa hasara Kigali bado ana kodi ya kulipa.

Na hasara kubwa ya kuuza haraka haimo kwenye ada yoyote. Nyumba ya milioni 60 ikiuzwa milioni 50 kwa sababu mwenyewe ana wiki moja tu, milioni 10 zimeondoka, zaidi ya mara 6 ya kodi yote ya mauzo. Mwenye hati yenye jina sahihi, ridhaa ya mwenzi, barua ya benki na risiti za kodi katika bahasha moja, anaweza kumwambia mnunuzi wa milioni 50 kwamba noteri yuko tayari kesho asubuhi, kwa milioni 58.