Usimlaumu muuza gesi, tazama moto wako

Mtungi wa kilo 6 nyumbani kwangu ulikuwa ukitufikisha wiki tatu na ushei. Ghafla ukawa haufiki hata siku kumi na tano. Nikajua napunjwa. Jumamosi moja, kabla sijaufunga mtungi mpya, niliubeba nikaurudisha dukani kwa shari. Muuzaji hakubishana. Aliuweka kwenye mizani, akanionyesha uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma cha juu, akatoa. Kilo 6 kamili.

“Kaka, sufuria zako zina masizi?” akaniuliza.

Zilikuwa nayo.

“Basi nenda kasafishe jiko.”

Sufuria ya jiko la gesi haitakiwi kuwa nyeusi. Gesi tunayonunua ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikifika jikoni hutoka kwa kasi kwenye kitundu chembamba kisichofika milimita moja, na kwa kasi hiyo huvuta hewa ya pembeni, vikachanganyika kabla ya kupanda kwenye matundu tunayoyawasha. Hewa ikitosha, moto huwa wa buluu, mfupi na mkali. Isipotosha, moto hurefuka, hugeuka njano, na gesi ambayo haikuungua sawasawa huishia kuwa masizi. Hapo unalipia moto unaopaka sufuria rangi. Na kama jiko liko kwenye chumba kisicho na dirisha, moto huo huzalisha pia kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, nayo huua.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi inagawiwa, picha zinapigwa. Sijasikia bado hotuba inayogusa kusugua jiko.

Kwa uzoefu wangu, adui wa kwanza wa jiko la gesi ni maharage. Povu lake likifurika hushuka kwenye matundu na kukauka kama gundi. Uji na tui la nazi hufuatia. Sisi tunafuta juu, pale mgeni anapoona.

Jumapili nilifunga valvu ya mtungi, nikasubiri jiko lipoe, nikanyanyua vile vichwa vya duara moto unapotokea. Kimoja nilikiinua kuelekea dirishani: karibu nusu ya matundu hayakupitisha mwanga. Nikaviloweka nusu saa kwenye maji ya moto yenye sabuni, nikasugua kwa mswaki uliochoka, kisha nikazibua tundu moja moja kwa sindano ya kushonea. Kijiti cha meno usijaribu, kitakatikia ndani. Vifuniko vya shaba nilivisugua kwa ndimu na chumvi, kama yanavyong’arishwa masinia ya shaba Pwani. Magadi niliyaweka mbali, maana huharibu vichwa vya alumini na kuvifanya vyeusi.

Stilwaya pia haikuhusika. Juu ya bati linalong’aa huacha mikwaruzo, na uchafu wa kesho hushika humo humo. Mwenye jiko la kioo aongeze tahadhari: asilimwagie maji baridi likiwa bado la moto, linaweza kupasuka.

Kile kitundu chembamba cha gesi sikukigusa. Ukikitia sindano kikapanuka, gesi itazidi hewa na utarudi kwenye njano yako ileile. Hiyo ni kazi ya fundi. Vichwa nilivikung’uta, nikavianika juani mpaka vikakauka kabisa, kwani maji yakibaki ndani moto huwaka kwa kurukaruka.

Nilipofika nyuma ya jiko nikakuta mpira wa gesi una alama za meno ya panya. Niliutupa palepale, nikafunga mpya, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni ikisubiri cheche.

Usiku nilizima taa nikawasha jiko. Buluu tupu, duara kamili.

Mtungi ule ulitufikisha siku 23. Muuzaji nilimwomba radhi, akacheka. Siku hizi nikienda bado namwambia apime.