Mashine ya hospitali haifi ghafla

Mwaka 2016, mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda iliharibika, na safari hii mafundi wakanyoosha mikono. Ilikuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na ilisimikwa hapo mwaka 1995. Wagonjwa wa saratani walikatishwa tiba katikati. Wenye jamaa wa kuwachangia walitafuta njia ya kufika Nairobi au India, na wengine wakarudi vijijini. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Mashine nyingine ilizinduliwa Kampala Januari 2018.

Habari ile ilisomwa Afrika Mashariki nzima kama habari ya ajali. Ajali gani inayochukua miaka 21 kutokea? Mashine yenyewe ilikuwa ya kobalti-60, na kobalti haifichi umri wake. Kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu hivi, nguvu yake hupungua kwa nusu. Mgonjwa aliyekuwa akilala chini ya mashine kwa dakika mbili, baada ya muda huo atalala dakika nne ili apate kiasi kilekile cha mionzi. Foleni hurefuka ingawa idadi ya wagonjwa haijaongezeka. Ndiyo maana chanzo cha mionzi hubadilishwa kila baada ya miaka mitano hadi saba. Lakini chanzo kikibadilishwa, kitanda, mota na kichwa cha mashine hubaki vilevile, vikizeeka.

Kwa hiyo mtu mwenye karatasi na kalamu angeweza, siku ile ile mashine inasimikwa, kuandika ni lini nchi ingehitaji ya pili. Tena angeandika na jambo gumu zaidi, yaani chumba. Tiba ya mionzi hufanyika ndani ya kuta nene za zege, na kuta hizo hazijengwi kwa mwezi mmoja. Mashine ya zamani nayo haitupwi jalalani, kwa sababu chanzo chake lazima kiondolewe na wataalamu, kwa vibali, chini ya jicho la mamlaka ya nguvu za atomu. Hospitali inayoanza kufikiria hayo siku mashine imezima imechelewa kwa miaka kadhaa.

Kobalti ni mfano rahisi kwa sababu fizikia imeshatupigia hesabu. Vifaa vingine vingi vya hospitali huzeeka bila kutangaza, na hapo ndipo kazi ya kupanga ilipo.

Jumuiya ya Radiolojia ya Ulaya ilitoa mwongozo unaonukuliwa sana: kifaa cha picha chenye umri usiozidi miaka mitano huhesabiwa cha kisasa, cha miaka sita hadi kumi kinafaa kikitunzwa vizuri, kikivuka kumi, kibadilishwe. Watengenezaji wa Ulaya huongeza kwamba angalau asilimia 60 ya vifaa viwe vya miaka mitano kushuka chini, na vilivyozidi miaka kumi visipite asilimia 10. Ni kanuni nzuri kwa nchi tajiri, nzuri zaidi kwa wanaouza mashine. Nisingependa kumwona mganga mkuu wa wilaya akiinakili kama ilivyo. Eksirei ya kawaida iliyopata umeme tulivu na fundi mwangalifu inaweza kupiga picha safi kwa miaka 15, wakati mashine ya kupumulia iliyonyimwa matengenezo kinga inaweza kuwa hatari ikiwa na miaka minne.

Mwenye daladala anajua jambo hili bila kusoma mwongozo wowote. Haangalii mwaka wa gari peke yake. Anaangalia mara ngapi wiki hii limelala gereji, na kama vipuri bado vinapatikana. Siku hesabu ya gereji inapoanza kuzidi ya abiria, analiuza lingali linatembea.

Hospitali ina hesabu hiyo hiyo, iwapo imeandikwa. Daftari la vifaa tiba linapaswa kuonyesha kila kifaa kilinunuliwa lini, kimeharibika mara ngapi, kilikaa siku ngapi bila kazi, na matengenezo yamekula kiasi gani cha bei yake. Kwa mashine kubwa kama CT-Scan, mkataba wa matengenezo wa mwaka mmoja unaweza kukaribia sehemu ya kumi ya bei ya kununulia. Bajeti isiyotenga fedha hizo imenunua mapambo.

Kuna pia barua ambazo wengi hawazisomi. Mtengenezaji anapoacha kutengeneza aina fulani ya mashine, huwaarifu wateja kwamba baada ya mwaka fulani hatatoa tena vipuri wala msaada wa kiufundi. Barua hiyo ndiyo tarehe halisi ya kustaafu kwa mashine, hata kama inang'aa. Kompyuta zilizomo ndani yake nazo zina tarehe zao. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na mashine nyingi za maabara na za picha duniani zilikuwa zikiitegemea. Hatari ya kompyuta zisizosasishwa ilikuwa imeshaonekana: Mei 2017 kirusi cha kompyuta cha WannaCry kiliingia katika mfumo wa hospitali za Uingereza, miadi na upasuaji vikaahirishwa kwa maelfu.

Lakini kabla ya kubadilisha, hakikisha kilichokufa kimekufa kweli. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha matokeo ya orodha za vifaa 112,040 kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo. Asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Sababu kubwa walizotaja ni mafunzo, usimamizi na miundombinu. Uzee peke yake haukuongoza. Tanzania ilishuhudia hilo: Novemba 9, 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akakuta MRI na CT-Scan hazifanyi kazi, akavunja bodi na kumwondoa kaimu mkurugenzi. Haikupita muda mrefu, fedha za matengenezo zikapatikana na MRI ikarudi kazini. Kilichokosekana muda wote ule kilikuwa fungu. Rais hawezi kuzunguka kila hospitali.

Kenya ilijaribu njia nyingine mwaka huohuo wa 2015. Serikali ya taifa ilikodi vifaa kwa ajili ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na hospitali nne za rufaa za kitaifa, kwa mkataba wa miaka saba. Mkodishaji alipaswa kufunga mashine, kufundisha watumiaji na kuzitengeneza. Kwa fikra, mpango ulikuwa sahihi: tarehe ya kuondoka kwa mashine iliandikwa kabla haijaingia mlangoni. Ulikwama kwa sababu kaunti zilipelekewa vifaa bila kuulizwa vya kutosha zinahitaji nini. Mashine nyingine zilikaa kwenye maboksi kwa kukosa umeme wa kutosha, maji au wataalamu. Makato kwa kila kaunti yalipanda kutoka shilingi milioni 95 hadi milioni 200 kwa mwaka, na Seneti ikaunda kamati kuchunguza. Mkataba mzuri wa kubadilisha mashine haumsaidii mgonjwa ambaye hospitali yake haina mtu wa kuiwasha.

Misaada nayo ihesabiwe vizuri. Umri wa mashine ya msaada huanza siku ilipotoka kiwandani. Siku ya kukata utepe haiufuti. Ikija na miaka tisa, na barua ya kusitishwa vipuri imeshatoka, tumepokea gharama ya kuitupa.

Swali linalobaki ni ipi itangulie, maana fedha hazitoshi kwa zote. Mazoea yetu ni kuanza na ile ya bei kubwa, inayopendeza kwenye picha za uzinduzi. Mimi ningeanza na hili: ikizima saa tisa usiku, nani anakufa? Mashine ya usingizi katika chumba cha upasuaji cha wilaya, mtambo wa oksijeni, mashine ya kutakasa vifaa vya upasuaji, kitanda cha joto cha watoto njiti. Hivi havina mbadala jirani, wala mgonjwa hawezi kuandikiwa rufaa akisubiri. CT-Scan inaweza kumngoja mgonjwa mkoa wa pili. Oksijeni haiwezi.

Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai 1, na maombi huandaliwa miezi mingi kabla. Wajumbe wa bodi za hospitali na madiwani wanaokaa kupitisha bajeti waombe kwanza daftari la vifaa tiba, lenye mwaka ambao kila kifaa kinatarajiwa kuondoka. Kama daftari hilo halipo, wasipitishe orodha ya mashine mpya.